Mizigo ya Kamio ya Kwanza

Vijana wangu, mkiniletea programu zenu niziangalie, msikasirike nikisimama kwenye mstari wa def na kukaa hapo muda mrefu kabla ya kushuka chini. Mjukuu wangu ananicheka. Anasema, "Bibi, unasoma kama askari wa bariyeri anayekagua kitambulisho cha mtu." Hajakosea. Nilijifunza kusoma programu katika miaka ileile niliyojifunza kupita bariyeri za Bujumbura, vile vizuizi vya askari barabarani, na tabia hizo mbili zimeoana ndani yangu, haziachani tena.

Mstari wa def ndio mlango wa funksheni, kile kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Vitu unavyoikabidhi pale mlangoni, ndani ya mabano, ndivyo tunavyoviita argumenti. Mimi kila anayeingia namuuliza: we ni nani? Umebeba nini? Nani amekutuma? Akinijibu "mimi ni x," namrudisha alikotoka. Na msiniambie, "Lakini inafanya kazi, Bibi." Mambo mengi yalifanya kazi mjini kwetu wakati wa vita. Hata uwongo ulifanya kazi, tena vizuri sana.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Shule yetu ilikuwa juu, nje ya mji, na barabara ya kwenda huko ilipoanza kupigwa risasi nikabaki nyumbani na chaki zangu. Jirani akaniambia kwamba kule mtaa wa Quartier Asiatique, Bwana Hemed anatafuta mtu wa kumsaidia mzee wake wa mashine. Huyu Bwana Hemed alikuwa Mwarabu wa kwetu: babu yake alitoka Omani, lakini yeye alizaliwa hapahapa, Kirundi chake kama chetu na Kiswahili cha mji kutushinda. Babu aliuza vitambaa. Mjukuu akauza dawa za hospitali kwa jumla, serumu za dripu, bandeji, kwinini, sindano. Depo, yaani ghala, ilikuwa nyuma ya duka, na biro yetu, ndiyo ofisi, ilikuwa chumba kidogo katikati, chenye kompyuta mbili na dirisha lililozibwa nusu kwa mifuko ya mchanga.

Mzee wa mashine aliitwa Anselme. Alikuwa ameanza kazi hiyo zamani, enzi ambazo mashine ilikuwa kubwa kama kabati na kumbukumbu yake ndogo kama kiganja. Kwa hiyo alikuwa bahili wa herufi. Angeweza kuandika programu nzima kwa a, b, c, d, na ukimuuliza d ni nini anakujibu, "D ni D, anajua kazi yake." Hakumwamini mtu. Saa sita mchana alipokwenda kula, alichomoa kibodi ya mashine yake, akaifunga kwa kitambaa na kuondoka nayo kwapani. Wauza mkaa wa mtaa ule walimwita Mzee wa Piano. Hakujali. Aliniambia siku ya kwanza, "Madamu Spès, siku hizi mutu anaweza kukuua na kalamu. Kibodi ni kalamu ngapi? Hesabu."

Mpwa wa Bwana Hemed, aliyekuwa akisoma ng'ambo, ndiye aliyeleta Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye diski. Mzee Anselme aliichukia kwa siku chache, kisha akaipenda kama mtoto wa uzeeni. Alichokipenda ni kwamba inamlazimisha mtu kupanga mistari yake. Kilicho ndani ya funksheni lazima kiingie ndani kwa nafasi zilezile, la sivyo inakataa kabisa. "Hii ni luga ya nyumba yenye adabu," alisema. "Hata muvivu anakunja nguo zake."

Yeye ndiye aliyenifundisha kutaja argumenti kwa majina, na sababu yake ilikuwa kichekesho. Tulikuwa na funksheni ya kuchapa etiketi za makatoni. Ilitaka jina la mpokeaji kwanza, halafu mji. Siku moja Mzee Anselme alikuwa na malaria, na Bwana Hemed, ambaye alipenda kuonyesha kwamba naye anajua mashine, akaketi mwenyewe. Akatanguliza mji. Makatoni yakaenda yameandikwa "Apewe Gitega, mji wa Anatolie." Sista Anatolie, aliyekuwa mkuu wa zahanati, alijibu kwa faksi kwamba anashukuru kwa heshima ya mji kuitwa kwa jina lake, lakini kwa kawaida watu husubiri mtu afe kwanza.

Mzee Anselme aliporudi hakucheka. Alituonyesha tu kwamba mtu anaweza kuita hivi:

etiketi(jina="Anatolie", mji="Gitega")

Ukishataja majina, Python haijali nani ametangulia. Jina litakwenda kwenye jina na mji kwenye mji. Ni herufi chache zaidi, na zinakuokoa na kuzika sista aliye hai. Mpaka leo, funksheni ikipokea vitu zaidi ya viwili, nami nikaona mtu ameiita kwa kumwaga thamani tupu zikifuatana, naanza kumshuku. Ama ana haraka, ama anaficha kitu.

Lakini mganga hajigangi. Mzee alitutaka sisi tutaje majina tunapoita, na yeye ndani ya funksheni zake akaendelea na herufi zake za ubahili. Hapo ndipo yalipotufika yale ya Melchior.

Melchior alikuwa mmoja wa mashoferi wawili wa depo. Mtu mrefu, mpole, anayeongea na kamio yake, lori la depo, kama na ng'ombe. Aliishi Kinama, kaskazini ya mji, na siku hizo kusema tu "anakaa Kinama" kulitosha. Msikilizaji alijimalizia mwenyewe kwamba huyo ni wa waasi. Shoferi wa pili, Deo, alilala chumba cha nyuma ya depo. Asubuhi Deo alikuwa hapo tangu geti linafunguliwa. Melchior alichelewa kila siku, kwa sababu bariyeri ya kwao haikufunguliwa mpaka askari waridhike na usiku ulivyopita. Basi Deo alipakiwa kwanza, akaondoka na msafara wa mapema. Melchior akapakiwa wa pili, akaondoka na msafara uliofuata. Kila msafara ulisindikizwa na askari.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Wapakiaji walipakia kwa kufuata oda ya karatasi, kamio ikafungwa kwa plombi, kile kipande cha madini ya risasi kinachobanwa kwenye waya wa mlango ili anayefungua ajulikane. Shoferi alisaini kwamba plombi ni nzima, basi. Orodha ya vilivyomo, tuliyoiita bordero, ilichapwa na mashine yetu na kwenda hospitalini kwa faksi. Shoferi hakuiona. Bwana Hemed ndiye aliyetaka iwe hivyo: asiyejua alichobeba hawezi kukisema akikamatwa njiani.

Halafu hospitali zikaanza kulalamika. Mmeandika serumu, hatukupata serumu. Mmeandika bandeji, hatukuona bandeji. Na kila lalamiko lilikuwa juu ya kamio ya Melchior.

Sijui kama mnaelewa maana ya serumu na bandeji kupotea njiani wakati ule. Huko milimani kulikuwa na watu wenye bunduki, nao walijeruhiwa kama wengine. Mtu akiiba sukari ni mwizi. Mtu akipoteza bandeji barabarani, anaitwa jina jingine.

Bwana Hemed alimwita mbele yetu sote.

"Melchior, unapeleka wapi dawa zangu?"

"Apana, Patroni. Mi sijafungua kamio. Plombi inafika muzima, uliza askari wa msafara."

"Askari anaweza kupewa bia."

"Patroni, mi nanunulia askari bia na nini?"

"Sasa dawa zinaruka zenyewe?"

Melchior alitutazama mmoja mmoja. "Mi nakaa Kinama," alisema. "Ndiyo kosa yangu. Semeni tu."

Deo aliangalia viatu vyake. Mzee Anselme alisafisha miwani. Hata mimi nilinyamaza, kwa sababu mtu wa kwetu aliyemtetea mwenzake wakati ule aliulizwa: na wewe, wanakulipa nini?

Lakini mimi shaka yangu haikuwa ya upande mmoja, na hilo ndilo lililotuokoa. Kulikuwa na asubuhi moja ambayo Kinama ilikuwa imepigwa usiku kucha, na Melchior alikuwa amelala mjini kwa shemeji yake, hivyo akafika geti kabla Deo hajamaliza chai. Siku hiyo Melchior alipakiwa wa kwanza na Deo wa pili. Na siku hiyo hospitali ya Melchior haikulalamika. Aliyelalamikiwa alikuwa Deo. Mnajua biro ilisemaje? "Ah, hao wamehesabu vibaya." Lalamiko likaishia hapo. Mimi nikalimeza, lakini halikushuka.

Kitu cha pili. Bwana Hemed alikuwa ameanza kufoka kwamba serumu zimekwisha, mashine inasema hakuna hata katoni moja, aagize nyingine kutoka Mombasa kwa bei ya vita. Mimi nikatumwa depo kutafuta karatasi za printa. Nikazunguka nyuma ya rafu za sindano, na mbele yangu kulikuwa na makatoni ya serumu yamepandana mpaka karibu na bati.

Nilisimama pale. Sikufurahi, vijana, niliogopa. Nilijiambia: kumbe mwizi yumo ndani. Mwizi hodari haanzi kwa kubeba mali. Kwanza anaifuta kwenye mashine, isiwepo, halafu siku akitaka anaibeba polepole mpaka Gatumba, anaivusha mpaka, na hakuna wa kumuuliza kwa sababu ilishapotea zamani, na mtu wa Kinama ameshafungwa kwa ajili yake. Na nani anayeweza kufuta vitu kwenye mashine? Yule anayekwenda kula na kibodi kwapani.

Sikumwambia mtu. Nilichukua karatasi zangu nikarudi, na Mzee Anselme akaniuliza, "Mbona umekawia?" Nikamjibu kwamba nilikuwa natafuta mwanga.

Kabla sijafanya lolote, Melchior akachukuliwa. Watu wa usalama walikuja dukani asubuhi, wawili, wamevaa vizuri, wakamsalimia Bwana Hemed kwa adabu. Melchior alikuwa ndiyo kwanza anafika. Hakubishana. Alimpa Deo ufunguo wa kamio, akaingia kwenye gari lao.

Saa sita Mzee Anselme akaenda kula na piano yake. Mimi nikachomoa kibodi ya mashine ya pili, nikaichomeka kwenye ya kwake, na nikafungua programu ya bordero. Nilikuwa natafuta wizi. Nilikuwa nimeshaamua wizi utafananaje: mstari unaotaja jina la Melchior, mstari unaopunguza serumu kwa siri. Haukuwepo. Nilichokikuta ni hiki tu:

def w(d, n, m=[]):
    m.append((d, n))
    return m

Nikaanza kuhoji mlangoni. D ni nani? Labda dawa. N? Idadi, nombre ya Kifaransa. Na m? M inaweza kuwa mzigo, inaweza kuwa mtu, inaweza kuwa mwizi. Hii m ilikuwa na alama ya sawasawa na mabano matupu, yaani: ukiniita bila kunipa mzigo, nitaanza na kapu tupu. Kamio mpya, kapu tupu, halafu unaongeza dawa moja moja. Ilionekana safi. Mtu mwenye imani angepita. Mimi sikuwa na imani, nikabaki pale.

"Nani amekutuma?"

Mzee Anselme alikuwa mlangoni, kibodi kwapani. Alikuwa amerudi mapema. Labda naye alinishuku.

"Hakuna mutu, Mzee."

"Unatafuta nini mu programu yangu?"

"Natafuta serumu. Ziko depo, nyuma ya sindano. Nimeziona."

Uso wake ulibadilika. "Nani ameziweka?"

"Ndiyo nauliza."

"Unaniuliza mi?" Alicheka kwa hasira. "We mwalimu uliletwa hapa uchunguze nini? Unataka waseme Anselme ameficha? Nimefanya kazi na serkali tatu, nimeona watu kama we."

Tulisimama hivyo, kila mmoja akiwa ameshamhukumu mwenzake. Sijui ni Mungu au ni ualimu. Nilichosema ni kile nilichokuwa nawaambia wanafunzi wawili wanapogombania jibu. "Basi tuijaribu. Wewe andika, mi naangalia. Kamio mbili."

Akaketi. Akairudisha kibodi yake, maana yangu aliiona ni najisi. Akaandika:

deo = w("serumu", 10)
deo = w("bandeji", 5, deo)

Akaichapa: serumu na bandeji. Sawa. Akaniangalia kwa ushindi. Nikasema, "Sasa Melchior." Akaandika:

melchior = w("kwinini", 8)

Akaichapa. Ikatoka serumu, bandeji, kwinini.

Akadhani amekosea kuandika. Akarudia na jina jingine, shoferi ambaye hayupo. Ikatoka serumu, bandeji, kwinini, na ile aliyoiongeza sasa hivi. Alivua miwani, akaivaa, akaweka kidole kwenye kioo juu ya yale mabano matupu.

"Si tupu," alisema polepole. "Nilifikiri kila mara ni tupu."

Sikilizeni hapa, hata kama mengine yote mtayasahau. Ukiweka kwenye mstari wa def thamani ya akiba, ile ya kutumika mtu asipoleta yake, Python huitengeneza mara moja tu, pale inaposoma huo mstari. Haiitengenezi upya kila unapoiita funksheni. Ikiwa ni namba au neno, hakuna shida, kwa sababu namba na maneno hayabadiliki ndani. Lakini orodha ni kapu. Wa kwanza akilitumia bila kuleta la kwake, anaacha vitu vyake humo, na wa pili anapokezwa kapu lilelile na kuambiwa ni tupu. Kila aliyefuata kwenye foleni alibebeshwa mizigo ya aliyemtangulia kwenye bordero, na mashine ikaipunguza mara ya pili kwenye hesabu ya depo. Na Melchior alikuwa wa pili kwa sababu ya bariyeri.

"Lakini zamani haikufanya hivi," Mzee alisema. "Programu hii ina umri. Mbona zamani ilikuwa sawa?"

Tukajibu pamoja: jenereta. Zamani umeme ulikatika karibu kila asubuhi kati ya kamio ya kwanza na ya pili. Mashine ilizimika, programu ikaanza upya, na kapu likatengenezwa jipya. Bwana Hemed aliponunua jenereta, mashine ikawa haizimiki mpaka tunapofunga kazi jioni, na Melchior akaanza kuwa mwizi.

Dawa ya kosa hili ni ndogo. Mlangoni usiweke kapu. Weka None, yaani hakuna kitu, halafu ndani ndipo utengeneze kapu la aliyekuja mikono mitupu:

def ongeza(dawa, idadi, mzigo=None):
    if mzigo is None:
        mzigo = []
    mzigo.append((dawa, idadi))
    return mzigo

Na mtazame majina. Nina hakika, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba kama tangu mwanzo ingeandikwa mzigo=[], mmoja wetu angejiuliza: mzigo wa nani huu unaokaa mlangoni? Lakini m haikumshtua mtu. Jina bovu ni kama mgeni aliyevaa sare: watu wanampisha bila kumuuliza.

Yote haya Mzee Anselme aliyaelewa kabla yangu. Lakini hakuinuka. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Spès," alisema, na hakuwahi kuniita bila Madamu. "Nikienda kusema, wataniuliza: kwa nini kosa ilimupata yeye tu? Watasema niliifanya kusudi. Au watasema nimenunuliwa nimutoe. Mi nitawaeleza kapu? Watu wale?"

Alikuwa anasema kweli. Ningeweza kwenda mimi, na nilimwambia hivyo, lakini sote tulijua programu ilikuwa ya nani. Kisha akaniambia, "Muite Hemed. Mupeleke depo kwanza. Aone na macho."

Bwana Hemed alipoona yale makatoni aliyagusa kama mtu anayegusa paji la mgonjwa. "Astaghfirullah," alisema. Halafu naye akageuka na shaka yake: "Nani kati yenu alikuwa anajua?"

"Mi," alisema Mzee Anselme. "Tangu nusu saa. Programu ni yangu, kosa ni yangu. Tuende tumutoe mutu."

Waliondoka na gari la Bwana Hemed. Mimi nilibaki na Deo, ambaye aliniuliza mara tatu kama siku ile aliyolalamikiwa yeye nayo ilikuwa ni mashine. Nilipomwambia ndiyo, alikwenda kukaa ndani ya kamio yake na kufunga mlango. Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi, wawili tu. Melchior alikuwa ameachiwa na ameteremshwa kwao. Mzee Anselme alikuwa na alama nyekundu shavuni, na hakueleza.

Tangu hapo, biro yetu ilikuwa na sheria ambazo nimezibeba maisha yangu yote, na ndizo ninazowatesa nazo. Jina lieleze kilichomo. Hakuna kapu mlangoni. Ukiiita funksheni, taja unachoipa. Na ukibadilisha mashine, umeme, au hata saa ya kazi, ijaribu tena programu ambayo "haijawahi kuleta shida." Ya mwisho hii wengi wenu mnaidharau. Mtakuja kuniambia.

Watu huniuliza kama Melchior alirudi. Hakurudi kwetu. Alipata kamio nyingine ya kubeba mizigo ya Gatumba na Uvira, na wakati mmoja nilimwona barabarani akaniinulia mkono. Lakini kesho yake ya siku ile alikuja dukani, na nataka niwaeleze alivyokuja.

Alisimama mlangoni, hakuingia. Mkono wake wa kulia aliubana kifuani. Bwana Hemed alimwambia, "Ingia, Melchior. Kamio yako iko, ufunguo uko. Yamepita."

"Apana, Patroni. Nimefuata koti yangu tu."

"Tumekosa. Mashine ilitudanganya."

"Mashine ilisema mi mwizi, mukaamini," alisema Melchior, bila kupaza sauti. "Sasa mashine imesema mi si mwizi, mukaamini tena. Mi nilisema na kinywa yangu tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza hata kitu kimoja."

Bwana Hemed alitazama chini. Halafu, kama mtu anayetafuta pa kutua mzigo, akasema, "Huyu Mzee hatafanya kazi hapa tena. Leo ni mwisho wake."

Mzee Anselme alikuwa ameketi mbele ya mashine yake.

Melchior alimwangalia muda. "Walimuleta pale nilipokuwa," alisema. "Nilimusikia. Alisema: kosa ni yangu, si ya huyu. Wakamupiga kofi, wakamuambia aseme vizuri. Akasema vilevile." Akamgeukia Bwana Hemed. "Ukimufukuza aliyesema, Patroni, kesho nani atasema?"

Hakungoja jibu. Alitoa koti lake kwenye msumari nyuma ya mlango, akaingiza mkono wa kushoto, kisha akajaribu wa kulia, na mkono haukupanda. Akajaribu tena. Sote tulikuwa tunaona.

Mzee Anselme akainuka. Akaenda nyuma yake, akaushika mkono wa kulia wa koti na kuushusha chini kabisa, usawa wa kiuno, ambapo mkono uliopigwa ungeweza kufika. Melchior alisimama bila kugeuka. Kisha akauingiza.